Bwawa la Kuogelea na Kunywa

Enzi hizo wanyama walikuwa bado wanazungumza na, kama ilivyo kawaida, wenye vyeo ndio waliozungumza zaidi. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa ukame. Vuli haikunyesha, masika yalipita mbali kama jamaa anayeogopa kuombwa kitu, na Bonde la Mafunjo likakauka hata Kobe, ambaye si mwepesi wa jambo lolote, akawa mwepesi wa kulalamika.

Hata hivyo, katikati ya bonde hilo palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

Halikuwa la kuumbwa na Mungu, lilichimbwa. Ngiri alichimba kwa meno, Nyumbu kwa kwato, Kobe alichimba kwa ushauri. Simba, mfalme, aliyekaa mjini Mwamba Mkuu nyuma ya vilima, alileta salamu za pongezi. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: bomba moja lenye koki lipeleke maji mjini, na koki nyingine imimine maji kwenye birika la mawe chini ya ukuta wa bwawa, wanabonde wanywe. Ndani ya bwawa lenyewe asiingie yeyote, kwa kuwa hayo ni maji ya kunywa.

Kazi ya usimamizi akapewa Fisi. Alikuwa na sifa zote: alimwinamia Simba mpaka pua ikagusa vumbi. Basi akakabidhiwa mpini wa chuma wa kufungulia koki zote mbili, akautundika shingoni kwa kamba, na akapewa jina la cheo refu kuliko mkia wake, Msimamizi Mkuu wa Maji na Mandhari. Hilo la mandhari aliliongeza mwenyewe.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya likizo. Kila kiangazi wakubwa wa mjini walikuja bondeni kupumzika, ingawa hakuna aliyewahi kuwaona wakichoka. Mwanzoni walikaa tu ukingoni wakitazama maji. Kisha Kiboko, aliyekuwa mshauri wa Simba, akaomba kutumbukiza mguu mmoja.

"Mmoja tu," akasema. "Nisikie ubaridi."

Fisi akatazama upande, na alipogeuka miguu mingine mitatu ilikuwa imeufuata wa kwanza, na tumbo halikukubali kubaki nchi kavu peke yake. Nyani naye akaleta mtumbwi, Mbuni akaleta mwavuli. Jioni wakachoma nyama, wakala, wakaacha mifupa. Fisi aliitazama mifupa ile kwa muda, na hapo ndipo msimu wa mapumziko katika Bwawa la Mafunjo ulipozinduliwa rasmi.

Tangu hapo kila kiangazi palikuwa na mitumbwi, vibanda vya makuti na moshi wa mbavu. Kiboko alishinda majini, na humo majini alifanya yale ambayo viboko hufanya majini, huku mkia ukiyasambaza kwa bidii ili kila mahali papate sehemu yake. Yeye Fisi hakuwahi kuyagusa maji yale. Alikunywa kwenye kijito kinacholijaza bwawa, juu kabisa, alikowapiga marufuku wanabonde kufika, kabla hakijakutana na wageni.

Sasa mwaka huo wa ukame likazuka tatizo la kitaalamu. Maji yakitolewa, bwawa hupungua. Bwawa likipungua, tope hutokeza. Tope likitokeza, mtumbwi hukwama, wageni hukunja mwavuli na kuondoka na mbavu zao. Fisi alikuna kichwa, akapata jibu. Akaifunga koki ya birika kabisa, na ile ya mjini akaiacha ikidondosha tu, kusudi mtu asiseme imefungwa.

Kwa wanabonde akatangaza, "Simba ameagiza maji yote yaende mjini. Mfalme anaoga sana siku hizi. Tunaomba uvumilivu."

Kwa Simba akapeleka habari, "Bwawa limekauka, limebaki tope. Tunalikamua hivyo hivyo. Tunaomba uvumilivu."

Uongo huo wa aina mbili uliishi kwa raha, mmoja huku na mmoja kule nyuma ya vilima, bila kukutana. Wageni waliojua ukweli waliporudi mjini walinyamaza, maana aliyetoka kuogelea hapendi kumsimulia jirani ambaye hajanawa uso. Na pale kwenye birika kavu Fisi akasimamisha ubao mkubwa wenye maandishi meupe: MAJI NI UHAI. USINYWE.

Huko mjini, matone yaliyofika yalikuwa na rangi. Simba alionja, akatafakari, na kwa kuwa hakuwa mfalme wa kukiri kwamba hajui kitu, akasema, "Yana rangi ya chai, na harufu kwa mbali ya majani yaliyosagwa. Haya ni maji yenye madini."

Baraza zima likaonja na kila mmoja akayaona madini. Kiboko alisema hasikii kiu siku hiyo.

Basi bondeni alikuwako Mama Swala. Alikuwa amezaa katikati ya ukame, jambo ambalo majirani walimlaumu kwalo kana kwamba watoto huchagua majira. Mtoto wake alikuwa dhaifu, na maziwa ya mama yalianza kukauka kwa kukosa maji. Maji ya karibu, ukiacha yale ya bwawani na kijitoni yaliyokatazwa, yalikuwa kwenye ufa wa mwamba huko Chanjale, mwendo wa kutwa nzima, na mtoto asingefika akiwa hai. Mama alikwenda peke yake na kibuyu kidogo, akarudi nacho, akawa anamlowesha mtoto midomo. Alimtazama akilala kwa kuegemea jiwe, mbavu zikihesabika, akaona hakuna cha kungoja. Akaenda kwa Fisi.

"Bwana Msimamizi," akasema, "sikuombi unifungulie birika lote. Niruhusu nichote kata moja tu, kwa ajili ya mtoto."

Fisi alikuwa akitafuna kitu. "Mama, nakuelewa kabisa. Mimi mwenyewe ni mzazi. Lakini mkiruhusiwa kuchota ninyi, na mate yenu yakaingia bwawani, nani atawajibika? Haya ni maji ya kunywa ya wakazi wa mjini."

Wakati huo huo, nyuma yake, Kiboko aliruka kutoka kwenye mtumbwi, na wimbi likaja mpaka miguuni mwa Mama Swala.

"Na yule?" akauliza Mama Swala.

"Yule ni mtalii," akasema Fisi. "Suala lako linafanyiwa kazi."

Mama Swala akaondoka akilia, hakujificha. Alikasirika pia, na hasira ilimuuma zaidi kuliko kiu.

Njiani akakutana na Sungura, aliyekuwa amekaa kwenye kitalu chake cha mchicha, mchicha uliosinyaa mpaka haustahili jina. Nisikufiche: Sungura hakuwa mwema kupita wengine. Kilichomuuma yeye ni mchicha. Lakini alimsikiliza Mama Swala mpaka mwisho, na masikio yake yakasimama.

"Fisi anasema Simba anaoga maji yote," akasema Sungura polepole. "Je, Simba anajua kwamba anaoga?"

"Mimi nitajuaje, ndugu yangu?"

"Basi kamtunze mtoto. Na hicho kibuyu usikimalize. Mgeni akija, kutahitajika maji."

Hapo lazima nieleze desturi moja ya Bonde la Mafunjo, maana kila kitu kilikuja kuangukia hapo. Mgeni akifika bondeni hakai, hasemi shida yake, hasalimiwi hata kwa kirefu, mpaka apewe kata ya maji. Na mwenyeji huonja kwanza, mbele ya macho yake, kutoa sumu. Wakishakunywa kata moja, mgeni na mwenyeji hawaumani. Wote wa ua ule wamo ndani ya amani. Asipokunywa, huyo bado ni mpita njia, na mpita njia mwenye meno anaweza kufanya apendavyo. Hata Simba aliiheshimu desturi hiyo. Ndiyo sababu alipotembelea bonde, Swala na Ngiri walikuwa wakimkimbilia na kata badala ya kumkimbia.

Sungura alifika Mwamba Mkuu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Simba amekaa juu ya jiwe lake, manyoya ya shingoni yamegandana kama kamba za meli.

"Mtukufu," akasema Sungura, "wanabonde wamenituma nikushukuru."

"Kwa lipi?" akauliza Simba, ambaye alikubali shukrani zote lakini alipenda kuzijua kwa majina.

"Kwa usafi, Mtukufu. Tunakufa kiu, ndiyo, lakini tunajivunia. Tumeambiwa mfalme wetu anaoga asubuhi, adhuhuri na jioni, na katikati anasuuza, mpaka amelimaliza bwawa. Watoto wanakuimba. Wanakuita Simba wa Sabuni."

Simba alishuka kutoka kwenye jiwe.

"Nani anaoga?" akasema. "Nitazame. Nitazame vizuri, kisha nusa."

"Sithubutu, Mtukufu."

"Nusa."

Sungura akanusa, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kuigiza.

"Tangu bwawa ligeuke tope sijajimwagia hata kopo," akanguruma Simba. "Nimejinyima kama raia wa kawaida, na huko wananiita wa sabuni? Nitakwenda bondeni wanione nilivyo mchafu."

Huyo ndiye Simba. Mtu mwingine angeuliza habari ya maji, yeye aliuliza habari ya jina lake. Lakini miguu ya kiburi nayo hutembea, na Sungura hakujali inatembezwa na nini ilimradi inafika.

Sungura akatangulia mbio, akamkuta Fisi akipanga mifupa kwa ukubwa.

"Mkubwa, hongera," akamwambia. "Simba anakuja kufunga msimu hapa kwako."

Fisi akaangusha mfupa. "Simba? Hapa? Nilimwambia ni tope."

"Basi mpelekee habari kwamba ni tope kweli, asije. Mimi nitapeleka. Hasara ni ya yule nyati tu."

"Nyati gani?"

"Nyati mzima. Si wafalme hawatembei mikono mitupu? Nyama yake Simba, mifupa ya mwenyeji. Lakini kama ni tope, ataenda zake kumlia kwingine." Sungura akageuka kuondoka.

"Ngoja," akasema Fisi. Udenda ulikuwa umeanza kumtoka kwenye pembe za mdomo. "Wakubwa wana mambo mengi. Unadhani anakumbuka kila alichoambiwa?"

"Mkubwa, hata cheo chako hawezi kukikumbuka chote."

Fisi akaifikiria mifupa ya nyati, mirefu, yenye uboho, na kichwa chake, ambacho hakikuwa kikubwa, kikajaa hiyo mifupa pasibaki nafasi ya kitu kingine. Akaamuru ufukwe ufagiliwe. Akawapanga wageni mistari miwili. Kiboko alipoulizwa kama angependa kumpokea Simba alisema ana udhuru, akazama, akabakiza pua.

Simba alifika mchana, jua likiwa kali. Wanabonde wote walikuwa wamesimama kwenye birika kavu. Mama Swala alikuwepo na mtoto wake, ambaye sasa hakuweza kusimama, na kibuyu alikuwa amekikumbatia.

Simba alifika ukingoni akasimama. Mbele yake maji yalienea mpaka mafunjo ya ng'ambo, yanang'aa, mitumbwi ikiyumba juu yake. Kwenye mtumbwi mmoja Nyani alikuwa amelala na kofia usoni. Simba alitazama maji, akatazama ukucha wake uliojaa vumbi la safari, akatazama tena maji.

"Karibu sana Mtukufu katika Bwawa la Mafunjo," akasema Fisi, macho yakitafuta nyuma ya Simba. "Nyati anakuja na mzigo?"

"Nyati gani?" akauliza Simba. "Niliambiwa hapa pana tope."

"Na sisi tuliambiwa unaoga, Mtukufu," akasema Mama Swala. "Tuliambiwa maji yote umeyaagiza wewe, ndiyo maana birika limefungwa. Mwanangu anakufa kwa kiu kando ya bwawa lililojaa."

Simba akamtazama yeye, kisha akamgeukia Fisi. Wanabonde nao wakamgeukia Fisi. Ule uongo wa huku na ule wa kule ulikuwa umesimama uso kwa uso, na hapakuwa na kilima katikati.

"Ni tope, Mtukufu," akasema Fisi. "Tope jepesi. Limekuwa jepesi hivi karibuni."

Hapakucheka mtu. Sungura akakohoa kidogo, akasogea na kata ya kifuu.

"Tusimsahau mgeni," akasema. "Amesafiri juani na bado hajapewa maji. Bwana Msimamizi, wewe ndiye mwenyeji. Chota, uonje, umpe Mtukufu."

Fisi akaipokea kata. Akachota pale pale ukingoni. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Kando kidogo pua ya Kiboko ilizama taratibu. Fisi akainua kata, akaifikisha mdomoni, akaitazama ndani, na mkono wake ukakataa.

"Nimetoka kunywa sasa hivi," akasema.

"Onja tu," akasema Simba.

"Tumbo langu, Mtukufu, halipatani na maji ya mandhari."

Hapo Simba akanusa ile kata. Akaijua harufu. Majani yaliyosagwa, kwa mbali. Akakumbuka alivyoyasifu mbele ya baraza zima, akakumbuka lile neno madini. Tangu azaliwe Simba hakuwahi kuona haya, na hakujua ni kitu gani kile kilichompanda shingoni. Alifikiri ni homa.

Wanabonde wakaanza kurudi nyuma, maana mgeni alikuwa na hasira, ana meno, na hajapewa maji. Mtoto wa Swala peke yake hakuweza kurudi nyuma.

Mama Swala akapiga hatua mbele. Akafungua kibuyu. Yalikuwa maji ya Chanjale, kidogo sana, ya kulowesha midomo ya mtoto mpaka kesho yake, na kesho hiyo alikuwa ameshaikatia tamaa. Akayamimina kwenye kata yake, akaonja, akampa Simba.

"Karibu," akasema. "Ndiyo tuliyo nayo."

Simba akanywa. Yalikuwa maji safi. Hayakuwa na madini.

"Asante, mama," akasema, na sauti ile hawakuwahi kuisikia kwake. "Mimi ni mgeni wako. Wote wa ua wako wako salama." Kisha akamtazama Fisi. "Lakini huyu hakunipa maji. Huyu si mwenyeji wangu, wala mimi si mgeni wake."

Fisi alikuwa mzito wa mambo mengi, lakini hesabu hiyo aliielewa mara moja. Akajitupa ukingoni, akainamisha kichwa majini, akaanza kunywa. Alilamba, akagugumia, akameza yenye majani na yasiyo na majani. "Nimeonja, Mtukufu," akasema akipumua, akanywa tena. "Tazama, naonja." Simba hakumwambia inatosha. Kwa hiyo aliendelea, mpaka tumbo likamning'inia, na alivyozidi kuinama ile kamba ikamtelezea kichwani na mpini wa chuma ukaanguka kwenye mchanga.

Sungura aliuokota kabla haujapoa.

Wageni walitolewa majini siku ile ile, Kiboko akiwa wa mwisho na mwenye madai ya kudhalilishwa. Koki ya birika ikafunguliwa. Maji ya kwanza yalikuwa mabovu, na kwa bahati tu, kama Sungura alivyosisitiza, yalielekea moja kwa moja kwenye kitalu chake cha mchicha. Mchicha mzuri kama wa mwaka huo haujapata kuonekana. Yeye Sungura akamwongoza Mama Swala mpaka kijitoni, kwenye maji aliyokuwa akijinywea Fisi, na hapo mtoto akanywa, kwanza kwa kulamba, halafu kwa pupa mpaka akapaliwa. Mama yake akacheka huku akilia. Jua lilipoelekea kutua mtoto alikuwa amesimama, kwa miguu yenye wasiwasi, lakini amesimama.

Simba aliwatangazia wote kwamba alikuwa ameyajua hayo yote tangu mwanzo. Hakuna aliyempinga, kwa sababu maji yalikuwa yanatiririka.

Na Fisi? Utauliza kama alifukuzwa kazi. Wenye vyeo hawafukuzwi, huhamishwa. Alipewa cheo kipya, Mwonjaji Mkuu. Kila asubuhi husimama kwenye birika mbele ya wanabonde, huchota kata, hunywa mpaka mwisho; ndipo wengine hunywa, ndipo bomba la mjini hufunguliwa. Tangu hapo Bwawa la Mafunjo halijapata mlinzi mkali kama yeye. Akimwona hata kumbikumbi anakaribia maji na miguu michafu, humfukuza mpaka vilimani. Wageni wa msimu bado wanakuja, lakini wanaogelea kwenye dimbwi lililo chini ya birika. Wanalalamika kwamba halina mandhari.

Ule ubao bado upo, ila Sungura ameutafuna nusu ya chini, yamebaki maneno ya juu. Mimi nikipita huko siusomi. Ukitaka kujua kama maji yanafaa kunywewa, mwache mwenye ufunguo anywe kwanza, nawe umtazame koo.